Maua ya Saa Kumi na Mbili

(Sehemu ya sita)

Wasomaji wangu, niliwaacha jikoni kwa Gioklan. Yeye yuko chini, shavu limelala kwenye kigae. Muuza mboga amesimama mlangoni na fungu la majani ya viazi mkononi, anapiga yowe mpaka bata bukini wangu, ng'ambo ya njia, wanamjibu.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo tu, pengine limekuja limefungia samaki, nitakupa muhtasari. Mimi ni Bongchi, miaka sabini na sita. Jina hilo wazee wetu wa Taiwan waliwapa mabinti waliokuja bila kuitwa. Maana yake ni "haya, mlee tu." Wakanilea tu. Matokeo ndiyo haya mnayoyasoma.

Gioklan ni jirani yangu. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua hamsini, nimezihesabu. Tumemenya vitunguu saumu kwenye benchi moja miaka hamsini na miwili, tukazika waume zetu mwaka mmoja, tukalia kwa zamu ili mmoja abaki wa kupika. Ana binti mmoja, Ichen, anayefanya kazi kaskazini, mbali na sisi.

Kijijini kwetu wanawake kumi na wawili tuna kundi la simu. Kila asubuhi kabla ya saa moja, kila mmoja hutuma picha ya ua yenye maneno ya heri. Vijana hutucheka. Wacheke. Yale maua ndiyo daftari letu la mahudhurio. Tuliyaanza mwaka ule Mzee Tan alipokaa siku nne amekufa kitini, televisheni ikimwimbia. Sheria yetu ni moja: ua lako lisipoonekana mpaka saa mbili, jirani wa karibu anakuja kugonga mlango.

Jirani wa karibu wa Gioklan ni mimi.

Sasa lile kosa langu, ambalo kwa wiki tano nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwalimu Peiyu, anayetufundisha simu kila Alhamisi pale kwenye kituo cha wazee tunapokula mchana, alituonyesha namna ya kuiagiza simu itume ujumbe yenyewe, siku na saa unayotaka. Alikusudia tukumbushane siku za kliniki. Akasema, "Mabibi zangu, simu ikisema kwa niaba yako, hakikisha inasema kweli. Mmeelewa?"

Mimi niliinua mikono yote miwili. Harufu ya supu ya mchana ilikuwa imeshaingia darasani.

Alasiri ileile nikapanga maua ya siku thelathini, saa kumi na mbili kamili. Nilitaka kumshinda Siukim, mke wa mwenyekiti wa kijiji, mwanamke ambaye lazima awe wa kwanza hata kwenye foleni ya choo. Nikaona raha ya peke yangu ni uchoyo, nikavuka njia, nikampangia na Gioklan. Yaende kundini, na kwa binti yake Ichen pia, nyongeza ya bure.

"Na nikifa je?" Gioklan akaniuliza.

"Ukifa utakuwa mzimu mwenye adabu. Utaamka mapema kuliko Siukim na kuwaamkia watu."

Alicheka mpaka akashika ubavu.

Siku kumi baadaye nikatuma kundini habari niliyoipata sijui kwa nani, kwamba punje saba za kitunguu saumu ndani ya siki huyeyusha damu iliyoganda, na vidonge vya hospitali vitupwe jalalani. Gioklan akanijibu mbele ya wote: "Dada, hii ya uongo. Nimeuliza pale Mwalimu alipotuonyesha pa kuuliza. Usiwatumie watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiuliza."

Siukim akaweka picha ya tumbili anayecheka.

Mimi! Niliyekula kitunguu saumu kabla sijaota meno, nifundishwe kitunguu saumu! Nikainyamazisha namba ya Gioklan kwenye simu yangu, asilie tena masikioni mwangu. Siku tisa hatukusemezana. Simu zetu ziliendelea kuamkiana kila siku saa kumi na mbili kamili, zina adabu kuliko wenyewe.

Haya. Twendeni hospitali.

*

Siukim alinipakia kwenye gari la mumewe, tukalifuata lile la wagonjwa. Anaendesha kama anavyoongea, haachi nafasi.

"Ni leoleo ameanguka," akasema. "Tumshukuru Mungu ni leoleo. Ua lake nimeliona saa kumi na mbili. Yungiyungi la waridi. Nikasema, huyu naye siku hizi kanipita."

Nikatazama nje.

"Mbona umenyamaza? Nyie si mmenuniana tu, hamjaachana."

"Tazama barabara, Siukim."

Yungiyungi la waridi. Nililichagua mimi. Nilichagua yote thelathini, nikiwa nimekaa kitandani kwake, yeye akinimenyea pera.

Hospitalini tukakaa ukumbini mpaka akatoka daktari mwanamke, kijana, nywele zimefungwa kwa kalamu. Akajitaja kuwa ni Daktari Kho.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Binti yake huyu hapa," Siukim akasema, akainua simu. Alikuwa ameshampigia Ichen na kuweka spika, ukumbi mzima usikie nani ana taarifa.

"Daktari, ni mimi," sauti ya Ichen ikatoka. "Niko kwenye treni. Mama yukoje?"

"Mshipa umeziba kichwani. Upande wa kulia umelala, na hasemi. Picha ya kwanza haionyeshi damu imemwagika, hiyo ni heri. Nawauliza neno moja tu. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi ya leo!" Siukim wa kwanza, kama kawaida. "Alituma ua. Tazama, jina lake, saa yake, kila kitu."

"Hata mimi nimelipata!" Ichen akadakia. "Saa kumi na mbili kamili. Nimemjibu!"

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Masaa matatu na nusu. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, inapewa kabla hayajatimia manne na nusu. Tunayo saa moja. Binti, unaridhia?"

"Mpeni! Mpeni, daktari! Nasaini popote!"

Daktari akageuka, akamwambia nesi aandae dripu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Gioklan kwenye machela, macho yamefunguka, hayatui popote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichezacheza juu ya shuka, kidole gumba kikisugua cha shahada, kikisugua, kikisugua.

Alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Daktari," nikasema. "Nauliza tu, mimi mzee sina elimu. Mtu akipewa dawa hiyo, kumbe masaa yameshapita?"

"Damu inaweza kumwagikia ubongoni. Anaweza kufia mikononi mwetu. Ndiyo maana naulizia saa, bibi."

"Bongchi, mwache daktari afanye kazi," Siukim akasema. "Huu si wakati wa siki na vitunguu."

Wasomaji wangu, mimi si malaika. Niliwaza. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Akipona, nimepona. Akifa, watasema ni siku yake imefika, nami nitatembea mbele ya jeneza nikilia kuliko wote, kwa sauti, ninajua kulia. Mambo hayo yote yalinipita kichwani katika muda wa nesi kuning'iniza ile chupa.

Akaigonga kwa ukucha.

"Hakutuma yeye," nikasema.

"Nini?"

"Ua. Hakutuma yeye. Simu imetuma yenyewe. Mimi niliipanga."

Daktari akasimama. "Bibi, sema polepole. Ulishika simu yake leo asubuhi?"

"Leo sikuishika. Niliipanga tangu siku ishirini nyuma. Inatuma kila siku saa kumi na mbili, awe amelala, awe ameamka, awe kaburini. Yamebaki maua kumi."

"Kwa hiyo hujui ameanguka lini."

"Sijui."

"Anaweza kuwa ameanguka jana?"

"Anaweza."

"Juzi?"

Daktari akainua kiganja kumwelekea nesi. "Simamisha. Toa. Usimwekee kitu."

Ile chupa ikashushwa. Nimeona mengi yakishushwa katika maisha yangu, majeneza mawili ya nyumbani kwangu yakiwemo. Hakuna kilichokuwa kizito kama ile chupa.

"Ee Matsu, Mama wa mbinguni!" Siukim akajishika kifua. "Umetuua, Bongchi! Sheria yetu! Mzee Tan wetu!"

Kwenye simu mkononi mwake ilisikika treni tu.

"Mama mdogo," Ichen akasema hatimaye. Ndivyo anavyoniita tangu anatambaa. "Rudia."

Nikarudia.

"Yale maua ninayoyapata kila asubuhi."

"Ni mimi, mwanangu."

"Nilikuwa nikiyaona nasema, Mama mzima, nitampigia Jumapili. Jumapili ikifika nasema, leo asubuhi si ametuma ua. Nilikuwa nayajibu. 'Na wewe, Mama, siku njema.' Kila siku. Nilikuwa naiamkia simu."

Natamani angenitukana. Mama yake alimlea vibaya, hajui matusi.

*

"Mtalia baadaye," Daktari Kho akasema. "Sikilizeni wote. Ipo njia nyingine. Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, tunalivuta lile donge. Hiyo inawezekana hata masaa ishirini na manne yakikaribia kutimia, picha nyingine ya kichwa ikikubali. Lakini siwezi kuanza na 'sijui'. Nitajieni mtu aliyemwona akiwa mzima. Yeye mwenyewe, si simu yake."

Siukim akafikiri, jambo ambalo si la kila siku. "Kituoni hajaja kula tangu Jumatatu. Tulisema anamkwepa huyu."

"Muuza mboga?" nikauliza.

"Huyo huja Jumatano na Jumamosi."

Leo ilikuwa Jumatano. Siku nne tangu Jumamosi, na kijiji kizima kilikuwa na yungiyungi lake mfukoni.

"Simu yake iko wapi?" daktari akauliza. "Labda kuna kitu alichokifanya kwa mkono wake."

Siukim alikuwa ameitia kwenye mkoba pamoja na bakuli la meno yake ya bandia. Akaikunjua kwenye kitambaa, akampa daktari. Imefungwa.

"Namba ya siri?"

"Ichen, unaijua?" Siukim akauliza.

"Sijui," Ichen akasema. "Sijawahi kuuliza."

"Naijua," nikasema. "Sabini na nane, kumi na mbili. Ni namba ya nyumba yangu na mwezi aliozaliwa. Alisema namba ya nyumba yake mwenyewe wezi wataibuni."

Simu ikafunguka. Tukapekua, daktari na mimi, vichwa vimegusana. Kupiga hakupiga. Kupigiwa alipigiwa mara moja, Jumapili, na mtu wa kuuza mashine ya maji. Maua, maua, maua. Yale ya kwangu.

Kisha daktari akaweka kidole. "Hii hapa. Hii si picha. Ni sauti. Sekunde hamsini. Jana, Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri."

"Amemtumia nani?" Siukim akanyoosha shingo.

Nilijua kabla sijasoma. Juu ya ile sauti palikuwa na jina langu na picha yangu nikiwa nimembeba bata bukini kama mjukuu.

Nikatoa simu yangu mfukoni. Ilikuwemo tangu jana. Chini kabisa, kwenye orodha ya watu niliowanyamazisha, pamoja na wauza dawa za nguvu na chama cha wakulima. Nukta nyekundu pembeni. Haijafunguliwa.

Jumanne, saa kumi na dakika kumi. Saa hiyo nilikuwa naijua, ila sikutaka kuigusa.

"Saa kumi jana mpaka sasa ni karibu masaa kumi na nane," daktari akasema. "Fungua, bibi. Nataka kusikia ulimi wake. Kama ulikuwa mwepesi au umeshakuwa mzito."

"Labda ni ya faragha," nikasema.

"Bibi."

"Labda ananitukana."

"Mama mdogo," Ichen akasema. "Fungua."

Nikabonyeza.

Kwanza walilia bata bukini. Wengi, kwa ghadhabu, kama wanavyolia mtu akisimama penye lango.

"Hao ni bata wako," Ichen akasema.

Kisha Gioklan, wazi kabisa, kama yuko kando yangu: "Bongchi. We Bongchi. Najua umo ndani, naisikia televisheni yako."

Daktari aliinama, sikio karibu na simu. Akasikiliza maneno mawili matatu mengine, akanyanyuka. "Ulimi mwepesi. Maneno yamenyooka. Jana saa kumi na dakika kumi alikuwa mzima na amesimama kwa miguu yake. Bado tumo!" Akapaza sauti kuelekea ndani. "Nesi! Tunampeleka picha ya pili! Wajulishe watu wa mrija!"

Machela ikasukumwa mbio mbele yetu. Gioklan akapita karibu yangu, mkono wa kushoto bado unamenya. Sikuugusa. Sikuwa na uso wa kuugusa. Milango miwili ikafunguka, ikafungana, na juu yake ikawaka taa nyekundu.

Siukim alikuwa analia na kucheka. "Kuna tumaini! Ichen, umesikia? Kuna tumaini!"

Ichen alikuwa anasikiliza. Kwa maana sauti mkononi mwangu ilikuwa haijaisha, na mimi kidole kiliganda, sikuizima.

"Sijaja kugombana," Gioklan akaendelea kutoka kwenye simu. "Nimekuja unizimie haya maua. Mimi sijui kuyazima. Jana Jumatatu asubuhi nilianguka bafuni, mguu ulikataa tu. Nikakaa pale chini. Nikasema, saa mbili ikifika Bongchi atakuja. Hata kama amenuna atakuja, ndiyo sheria. Nikasubiri mpaka mchana." Bata wakalia tena, akawanyamazisha kwa jina, kila mmoja anamjua. "Ndipo nikakumbuka kuwa simu imeshawaambia mimi mzima. Njoo uizime, dada. Naogopa. Na nimekuletea mapera yako yale, nimeshayamenya."

Televisheni yangu kwa mbali, mwanamume anaimba.

Kisha ile sauti ya mbali ikapanda. Ikawa ya juu. Ikawa ya juu zaidi.

"Basi," Gioklan akasema, polepole. "Nitakuja kesho."

Ikakatika.

Muuguzi mmoja alipita na kitoroli, magurudumu yakilalamika. Siukim, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa wa kwanza kusema. Alikuwa anautazama mkono wangu, ule unaoshika simu, kana kwamba ni mnyama.

Nanyi wasomaji nitawaambia kabla ya kumwambia mtu yeyote. Bata walipolia nilichungulia pembeni mwa pazia. Nilimwona. Kofia yake ya majani, bakuli limefunikwa kwa sahani. Nikasema moyoni, asimame kidogo, jua limwashe na yeye. Nikachukua rimoti, nikaongeza sauti. Nikaongeza tena.

Ukweli wa kwanza niliousema ulikuwa wa kumwokoa Gioklan, na kwa huo nitaomba nihesabiwe siku moja. Huu wa pili haukuwa wa kumwokoa mtu yeyote. Nilikuwa na uongo mzuri sana ulimini, tayari: nilikuwa shambani, televisheni naiachaga wazi kwa ajili ya bata. Ungepita. Mimi ninajua upi unapita.

"Mama mdogo," Ichen akasema. Treni ilikuwa imeingia kwenye handaki, sauti yake ikija na kutoweka, nikawa naomba itoweke kabisa. Ikarudi, karibu, kavu, bila chozi.

"Ulikuwa ndani?"